Nyuzi za utumbo wa mbuzi kwa ajili ya zeze: zangu zinakatika, naomba wazoefu

FundiKibuyu, Mikindani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kutengeneza nyuzi za ala za muziki kwa utumbo wa mbuzi au kondoo, au aliyewaona wazee wake wakifanya hivyo. Nimejaribu mara tatu, nimeshindwa mara tatu, na sitaki kuacha.

Nina zeze nililorithi kwa mjomba, kaka yake mama tumbo moja. Si lile la kupiga kwa upinde. Hili ni la mti bapa, ncha moja imechongwa vituta vitatu vya kubonyezea, na nyuma kimefungwa kibuyu kilichokatwa ambacho mpigaji anakibana kifuani, anakiachia na kukibana tena ili sauti ipande na kushuka. Mjomba alifariki nikiwa darasa la tano. Zeze likakaa darini kwa mama miaka yote hiyo, na waya wake wa breki ya baiskeli ukaota kutu mpaka ukaacha alama kwenye mti. Mwaka jana nikalishusha, nikalisafisha, nikafunga waya mpya. Mimi ni seremala, vitanda na milango ndiyo kazi yangu, kwa hiyo mti wenyewe haukunisumbua. Linalia, ila linalia kama bati. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Hilo silo zeze la kaka yangu."

Nikamuuliza lina kasoro gani. Akasema waya uliwekwa baadaye, mjomba alipokwisha kuwa mtu mzima. Mama akiwa msichana, uzi ulikuwa wa utumbo wa mbuzi, na mjomba aliukaza jioni tu. Mchana kutwa aliuacha umelegea.

Nilidhani amechanganya na kitu kingine, mpaka nilipong'oa kigingi. Ndani ya tundu mlikuwa na kipande kilichonasa, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, rangi ya ukucha wa mzee, kigumu, kinapitisha mwanga. Nikakitia kwenye kisosi cha maji. Baada ya nusu saa hivi kililainika, kikavimba, kikaanza kujisokotoa chenyewe polepole mle kisosini, na nikaona wazi kwamba ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Nikakinusa. Harufu ndogo ya supu. Nimekikausha tena, nimekihifadhi kwenye kopo la misumari.

Sasa majaribio yangu. Mara ya kwanza nilinunua utumbo mwembamba buchani saa nane mchana, ukiwa umekaa tangu alfajiri. Nikauosha, nikausokota kwa mkono, nikauanika juani kwenye kamba ya nguo. Ulitoka wa kahawia, mkavu kama chelewa, ukavunjika nilipoupinda.

Mara ya pili nikaambiwa utumbo unalowekwa kwenye magadi ili utando uachie. Nikatia konzi nzima ya magadi kwenye ndoo ndogo, nikaacha usiku kucha. Ilikuwa Februari, na wa huku mnajua joto la Februari. Asubuhi nilikuta uji. Majirani walilalamika kuhusu harufu, na walikuwa na haki.

Mara ya tatu ndiyo iliyonitia moyo. Niliukwangua kwa kisu, nikausokota kwa drili mpaka uzi ukaanza kujikunja vifundo, nikaukausha ndani ya nyumba. Ukatoka wa manjano, karibu sawa na kile kipande cha kwenye kigingi. Nikaufunga, nikaanza kukaza kuifuata sauti ya waya. Haukufika. Ulikatika ukanichapa kidole. Nikatengeneza mwingine mnene mara mbili, nikijua huo utastahimili. Nao ukakatika karibu pale pale.

Kwa hiyo nauliza: nikwangue mpaka wapi, tabaka lipi ndilo linalobaki? Nitumie magadi au majivu, na kwa kiasi gani? Na kwa nini unene haukunisaidia? Hili la mwisho linaninyima usingizi.

MvuviMsangaMkuu

Ndugu yangu unajitesa bure. Nenda dukani, nunua mshipi wa nailoni, ufunge leo leo. Babu yangu alipigia mshipi na watu walicheza mpaka alfajiri.

FundiKibuyu, Mikindani

Asante kaka. Mshipi nilishafunga kabla sijaandika hapa. Ulinyooka siku tatu mfululizo, kila nikikaza unalegea, na sauti yake inazima upesi. Wanaoutumia sina neno nao. Lakini mimi nimeshika mkononi kipande cha uzi wa mjomba, na nataka kusikia alichokuwa anakisikia yeye.

Bibi wa Newala (anaandika mjukuu)

Mwanangu, pokea salamu kutoka Newala. Mimi macho hayasomi simu, mjukuu wangu anaandika ninavyosema.

Baba yangu alikuwa mwindaji. Upote wa upinde wake aliusokota mwenyewe, mwingine kwa kano za mgongoni, mwingine kwa utumbo. Mtu wa zeze akikatikiwa na uzi alikuja kuomba kwake. Na tuliopara tulikuwa sisi wasichana, kwa hiyo hili nimelifanya kwa mikono hii.

Kosa lako la kwanza ni saa. Utumbo unachukuliwa ukiwa bado wa moto. Mbuzi hajaisha kuchunwa, wewe umeshaushika. Unakamua mavi kwa vidole viwili kutoka juu kwenda chini, hutii kisu. Kisha unamimina maji ndani yake yapite kama kwenye mfereji mpaka yatoke meupe. Mafuta ya ubavuni yavue hapo hapo kwa mkono. Yakishaganda utavuta mafuta na utumbo vyote. Newala maji yalikuwa ya shida, hata ya kunywa tuliyafuata mbali. Siku ya utumbo tulishuka nao bondeni asubuhi, tukaoshea kule kule chini na kurudi na madumu yamejaa.

Kosa la pili ni kisu. Kisu kinakata hata upande usio na makali. Sisi tulitumia kipande cha mwanzi, ukingo wake umesuguliwa kwenye jiwe. Baba alikuwa akitupima: pitisha ukingo kwenye ulimi, ukikuuma rudi kwenye jiwe. Unalaza utumbo kwenye ubao ulioinama, unausukuma kwenda mbele. Kwanza unatoka ute, mwingi, kama kamasi. Endelea. Utando wa nje nao utaachia, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na nyama nyekundu kidogo inaondoka. Kinachobaki ni kitu chembamba cheupe, utaona kama umetupa utumbo wote umebaki na maji. Hicho ndicho uzi. Kipulize kwa mdomo: kikijaa upepo bila kuvuja, ni kizima. Kikivuja umekitoboa, na kitakatikia pale pale ulipotoboa.

Magadi ya dukani sisi hatukuwa nayo. Tulitumia maji ya majivu, haya haya tunayochujia kupikia mboga. Majivu ya mabua ya mtama. Ukigusa kwa ncha ya ulimi yawashe kidogo tu. Asubuhi unaloweka, mchana unapara na kubadili maji, jioni unapara na kubadili tena. Siku ya pili unayaongeza ukali kidogo, siku ya tatu kidogo tena. Usiku tuliutoa kwenye majivu, tukautia kwenye maji matupu ndani ya mtungi, mahali pa baridi. Wewe ulilala ukauacha peke yake na magadi, ndiyo maana ulikuta uji.

Jua usiuonyeshe kabisa. Uzi uliofungwa baina ya miti miwili, kivulini, jiwe linauvuta. Ukishakauka tuliuweka kwenye uchaga juu ya meko ushike moshi, wadudu wasiusogelee. Na masika hatukufanya kazi hii. Tulingoja kipupwe.

Mjomba wako alikuwa anajua anachokifanya kuulegeza mchana. Zaidi ya hapo sina.

FidlaYaLindi

Shikamoo bibi. Nimesoma maelezo yako mara tatu nikiwa kazini.

Mimi ni wa Lindi mjini, sasa niko Dar, natengeneza fidla na udi, zile ala za nyuzi za taarabu. Kaka FundiKibuyu, alichosema bibi ndicho mafundi wa Italia walichokifanya kwa karne nyingi, kule Roma, Napoli, na kwenye vijiji vya milima ya Abruzzo kama Salle, ambako kazi ya nyuzi ilirithiwa toka kwa baba kwenda kwa mtoto. Utumbo wa wanakondoo uliochukuliwa papo hapo, maji ya baridi, ukingo butu wa kuparia, maji ya potashi yanayotokana na majivu yakiongezwa ukali siku hata siku, kisha kusokota ukiwa umelowa. Lile tabaka jeupe ndilo lenye kolajeni, nyuzi ndogo ndogo imara kuliko kitu chochote kingine kwenye utumbo. Ute, nyama na mafuta ndivyo vinavyooza na kunuka.

Ndoo yako ya Februari isikuvunje moyo. Hata Ufaransa viwanda viliuacha utumbo uoze makusudi ili ule utando wa ute uachie, na uvundo wake ulikuwa balaa. Mwaka 1820 chama cha kuendeleza viwanda cha Paris kilitangaza zawadi kwa atakayeleta njia isiyotegemea kuoza. Mshindi alikuwa mfamasia, Antoine-Germain Labarraque, kwa kutumia maji ya klorini, ndugu wa dawa hii tunayong'arishia mashuka. Hospitali nazo zikaanza kuyatumia baada ya hapo. Lakini usiyatie kwenye uzi wako, yakizidi yanakula kolajeni yenyewe.

Sasa lile linalokunyima usingizi. Pima urefu wa uzi unaotetemeka, kwa mita. Uzidishe kwa idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, ile namba inayoonyeshwa na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Utumbo mzuri wa fundi mzoefu hukatika jibu linapofika karibu 260, uwe mwembamba, uwe mnene. Uzi mnene una nguvu zaidi, ni kweli, lakini pia ni mzito zaidi, kwa hiyo unataka kuvutwa zaidi ili ufike sauti ile ile. Nguvu uliyoongeza inaliwa yote na uzito ulioongeza. Ndiyo maana nyuzi zako mbili zilikatikia mahali pamoja.

Chukua fidla. Uzi wa kwanza una urefu wa sentimita 33 hivi na sauti ya mitetemo 659. Zidisha utapata 217. Ni karibu sana na mwisho wa uwezo wa utumbo, na wapigaji wa zamani walitembea na nyuzi za akiba mfukoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wakahamia chuma kwa uzi huo mmoja. Wewe ulikuwa unaulazimisha utumbo uimbe sauti ya waya wa breki. Teremka, kaka. Zeze lako lina urefu gani?

Msokoto nao uupunguze. Uzi wa sauti ya juu unasokotwa kiasi tu, mstari wake uende mshazari mrefu. Ni uzi mnene wa besi ndio unaosokotwa sana, ili ulainike. Drili weka kando, tumia mkono, na usokote kwa vipindi: zungusha, acha upumzike, zungusha tena.

Jambo jingine, na hili ni la kwenu kabisa. Waitalia waliziweka nyuzi mbichi kwenye chumba chenye moshi wa kiberiti unaoungua, zitakate na zisioze. Kiberiti hicho ndicho salfa. Mtwara na Lindi nzima inapuliza salfa kwenye mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Sidhani kama kuna nyumba ya mkulima isiyo na mfuko wake. Kijiko kimoja juu ya kaa la moto ndani ya sanduku la mbao kinatosha. Fanya nje, simama upande upepo unakotoka, usivute moshi ule hata kidogo, na mwenye pumu asisogee.

Kuhusu mshipi aliousema kaka mvuvi: gitaa nalo lilikuwa la utumbo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ulihitajika kwa nyuzi za kushonea majeruhi, wapiga gitaa wakakosa. Ndipo fundi wa New York, Albert Augustine, akafanya nyuzi za nailoni, na Andrés Segovia mwenyewe, mpiga gitaa mashuhuri wa Hispania, akazipokea. Huku kwetu hatukuwa mbali: nyatiti ya Wajaluo ilifungwa kano za ng'ombe, leo ni mshipi. Nailoni ni nyepesi kuliko utumbo, karibu gramu 1.1 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 1.3, kwa hiyo inabidi iwe nene zaidi kwa sauti ile ile, na ndiyo sababu unaisikia imezubaa.

Mwisho, kile kipande chako kitunze kama dhahabu, na upime tundu la kigingi. Huko Vicenza, Italia, yuko Mimmo Peruffo, mmoja wa waliofufua nyuzi hizi. Alipima matundu kwenye ala kongwe za makumbusho, zile za jamii ya udi, akaona matundu ya nyuzi za besi ni madogo kuliko unene ambao utumbo mtupu ungehitaji. Akahitimisha kwamba wazee walikuwa wakiutia utumbo madini ili uwe mzito bila kunenepa. Wapo wanaombishia, lakini alianzia kwenye tundu, kama wewe.

DaktariWaMifugo, Nachingwea

Nimefurahia mjadala, naongeza la usalama. Chukua utumbo wa mnyama aliyekaguliwa tu, mwenye muhuri. Mnyama aliyekufa mwenyewe usimguse hata kama ni wa bure, kimeta hakina mchezo. Vaa glavu, hasa kama una jeraha mkononi. Mbuzi anaweza kukuambukiza brusela. Ukipata utumbo siku ambayo huwezi kufanya kazi, ukamue, uoshe, uzike kwenye chumvi ya mawe. Unakaa wiki kadhaa bila kuharibika, na chumvi Mtwara si ya kutafuta.

FundiKibuyu, Mikindani

Bibi, shukrani nyingi hazitoshi, shikamoo tena. Dada wa fidla, daktari, asanteni. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nangoja Idi ya kuchinja, ambayo mwaka huu imeangukia kwenye kipupwe. Sasa naleta majibu.

Kwanza nilipima. Urefu wa uzi ni sentimita 52. Tundu la kigingi halipitishi kitu kinene kuliko chelewa ya ufagio, na ule uzi wangu mnene wa mara mbili nilikuwa nimeuingiza kwa kuutoboa upya mti wa watu. Nilijuta. Nimeziba kwa kipande cha mninga na kutoboa tena kwa kipimo cha mwanzo.

Asubuhi ya Idi nilimwomba jirani anayechinja aniachie utumbo mwembamba wa mbuzi wawili. Akacheka kwanza, kisha akauliza kama si kazi ya najisi. Nikamwambia mbuzi umemchinja wewe kwa jina la Mungu, na utumbo huu huu mchana tungeunywa supu. Akanipa, na mwanawe akakaa kunishikia ndoo.

Bibi, ni kama ulivyosema. Ukiwa wa moto mafuta yanavuliwa kama soksi. Nilikamua, nikamimina maji mpaka yakatoka meupe, nikaanza kupara kwa kipande cha mwanzi nilichokisugua mpaka hakiumi ulimi. Nilipofika pale unaposema "utaona kama umetupa utumbo wote" nilisimama kweli. Utumbo wa upana wa vidole viwili ulikuwa umebaki utepe mwembamba, unateleza, mweupe kama maji ya mchele. Nikaupuliza. Ukajaa toka mwisho mmoja mpaka mwingine, mrefu kupita ua wangu, na mtoto wa jirani akapiga kelele. Hapo ndipo nilipojua kosa langu la mara ya tatu: niliacha nyama, nikasokota nyama.

Majivu nilitumia ya mabua, siku tatu, mara tatu kwa siku, usiku kwenye mtungi. Harufu ilikuwepo lakini ndogo. Nilisokota mikunjo miwili pamoja kama kile kipande cha mjomba, kwa mkono, kwa vipindi, kwenye fremu niliyoipigia misumari kwa kazi hiyo. Salfa nilipewa kikombe kimoja na shemeji wa Nanyamba. Nilifukizia uwanjani na bado nilikohoa, kwa hiyo dada alivyosema msivute, msivute. Nyuzi ziliingia zina rangi ya maziwa machafu, zikatoka safi. Nikakausha kivulini siku nne upepo wa kusi ukipita, nikasugua kwa kitambaa cha katani, nikapaka tone la mafuta ya ufuta.

Nilifanya tano. Moja ililiwa na sisimizi usiku wa kwanza kabla sijaiweka juu ya meko. Moja ilikuwa na tundu nisiloliona, ikakatikia pale pale. Ya tatu niliitoa kafara: niliifunga, nikakaza polepole huku natazama simu, mpaka ilipokatika. Ilikuwa mitetemo 410. Zidisha kwa 0.52 unapata 213. Bado sijafika 260 ya Waitalia, lakini sauti ya waya niliyokuwa naifuatilia mwanzoni ilikuwa 430. Nisingeifika hata kwa miujiza.

Ya nne nimeiweka kwenye 270, na ndiyo iliyo kwenye zeze sasa. Ya tano ni akiba.

Dada, kuna kitu hukukisema, labda kwa kuwa hukijui, nami nilikuwa sikijui. Nilipofunga waya mwaka jana na kujaribu nyimbo za mjomba, hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuziimba. Zilikuwa juu mno. Mama alianza akaacha, nikadhani ni umri. Waya unataka kukazwa, ukiwa chini unakwaruza, kwa hiyo kila mtu anaupandisha, na mwimbaji anaufuata. Utumbo kwa urefu huu hauruhusu. Umelishusha zeze lote mpaka mahali ambapo sauti ya mwanamume mtu mzima inakaa bila kujikaza.

Juzi jioni nilimpelekea mama. Sikumwambia kitu, nilikaa kwenye kigoda barazani nikakaza uzi, nikabana kibuyu kifuani. Uzi huu haugongi kama waya. Unaanza kimya kidogo, halafu sauti inatoka kwenye kibuyu, na unaisikia mbavuni kabla ya masikioni. Nilipiga ule wimbo wa kupalilia. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Akaimba kutoka mwanzo, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo, mpaka ubeti wa pili, akanikatiza: "Hapo kaka yangu haendi juu. Anarudi." Tukarudia pale mara tano mpaka kidole changu kikashika kituta sahihi. Ubeti wa tatu hakuukumbuka. Amesema atamuuliza dada yake aliye Tandahimba.

Asubuhi nimeulegeza.

Bibi, nina swali moja tu limebaki. Usiku ule hewa ilikuwa nzito, na uzi ukawa unahama sauti kila baada ya nyimbo mbili. Wazee walikuwa wanaupaka kitu?

Bibi wa Newala (anaandika mjukuu)

Mjukuu amenisomea yote. Uzi wa utumbo unakunywa hewa, huo ndio utumbo, hakuna dawa ya kuumaliza. Baba alipaka nta ya nyuki, kidogo, akiupasha kwa kiganja mpaka inayeyuka. Wewe upo pwani, paka mara mbili. Na mpigaji wetu alikuwa hasubiri uhame, alikuwa anakaza kidogo kati ya wimbo na wimbo huku anaongea na watu, hata hukumwona.

Mjukuu anasema unaweza kutuma sauti kwenye simu. Tuma jioni, nitakuwa nimerudi kutoka shamba.